"Ni uamuzi wake": uhuru na usalama katika kazi ya kea Uingereza

Chai ya asubuhi, msaidizi akiipika mwenyewe, ni ya dakika 3. Akimwachia mwenye nyumba, mtu mzima mwenye ulemavu wa kujifunza, inaweza kufika dakika 15, na maji mengine yakamwagika mezani. Mvutano mkubwa wa kazi ya kea, yaani ya kuwahudumia watu kama huyu, umo ndani ya hizo dakika 12. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumelelewa tukijua kwamba kumtunza mtu ni kumfanyia: unampikia, unamfulia, unahakikisha ameshiba. Tukifika kazini tunaambiwa tumwache afanye mwenyewe. Wapo wanaoona huo ni uvivu uliopewa jina zuri. Wapo pia ambao, baada ya siku chache za mafunzo, hugeukia upande wa pili moja kwa moja, na kila jambo kwao jibu ni hilo hilo: "ni uamuzi wake". Kila upande una hoja. Na kila upande, ukiachiwa peke yake, umeshaumiza watu.

Ulemavu wa kujifunza, ambao nyumbani huitwa ulemavu wa akili, si ugonjwa wa akili. Ni hali ya maisha yote inayomfanya mtu achelewe kuelewa mambo mapya na ahitaji msaada katika shughuli za kila siku, mwingine kidogo, mwingine saa 24.

Wanaotetea uhuru wanasimama juu ya Sheria ya Uwezo wa Kuamua ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales. Sheria hiyo inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu mzima anaweza kuamua mambo yake. Ili isemwe hawezi, lazima ionekane kwamba, kwa sababu ya hitilafu katika akili au ubongo, hata baada ya kusaidiwa kwa kila njia inayowezekana, hawezi kuelewa maelezo ya jambo lenyewe, au kuyashika kichwani, au kuyapima, au kueleza alichoamua kwa maneno, ishara au njia nyingine yoyote. Swali huulizwa kwa jambo moja na kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kushindwa kuamua kuhusu mkopo wa benki na akamudu kabisa kuamua atakula nini na atalala saa ngapi. Sheria inasema pia waziwazi kwamba uamuzi usio wa busara si ushahidi kwamba mtu hana uwezo wa kuamua. Sisi wenyewe tunakunywa soda tatu kwa siku na hakuna anayetufungia friji.

Historia nayo iko upande wao. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wahudumu wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa katika hospitali ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Ilikuwa mahali pa milango iliyofungwa, na watu walipelekwa pale kwa jina la kutunzwa.

Kiswahili chenyewe kinatukumbusha kwamba mtu mzima ni mtu mzima. Mtu wa miaka 58 kwetu ni mzee, na shikamoo yake anaistahili hata kama hajui kuhesabu noti. Lakini utamsikia mhudumu akimwita "mtoto wetu" na kumpigia makofi akimaliza sahani. Heshima tunayo. Kinachotakiwa ni kuingia nayo kazini.

Kumwezesha mtu si kukaa pembeni na simu mkononi. Turudi kwenye ile chai. Kuna kujaza birika, kuliweka kwenye kitako chake, kubonyeza swichi, kutia kifuko cha majani, kumimina maji, kutia maziwa, kutoa kifuko. Katika kila hatua msaidizi huanza na msaada mdogo kabisa, yaani swali. Pasipo jibu, neno moja: "birika". Kisha kidole kinaelekeza. Kisha anaonyesha kwa vitendo. Kushika mkono wa mwenyewe na kuuongoza huja mwisho, naye akiwa ameridhia. Wageni wa kazi hurukia mkono tangu mwanzo, au husema mno: sentensi tatu mfululizo kwa mtu anayehitaji sekunde 10 za kimya ili aielewe ile ya kwanza. Hofu ya kuungua ina dawa yake: utepe wa rangi kwenye birika unaoonyesha maji ya kikombe kimoja, na fremu ya kuliinamisha bila kulinyanyua. Mwingine atamudu hatua sita na ya kumimina itabaki ya msaidizi. Chai bado ni yake.

Sasa usikilize upande wa usalama, kwa sababu wanaousemea si watu wa kudharauliwa. Watu wenye ulemavu wa kujifunza England hufa karibu miaka 20 mapema kuliko wengine, na vifo vingi kati ya hivyo vingeweza kuepukwa. Chukua kupaliwa. Mtu mwenye shida ya kumeza huandikiwa kiwango cha ulaini wa chakula, chenye namba yake, na mtaalamu wa kumeza. Kiwango cha 5 ni chakula kilichosagwa kikiwa na unyevu, vipande visizidi milimita 4 kwa mtu mzima, sawa na nafasi kati ya meno ya uma. Kiwango cha 6 ni vipande laini visivyozidi milimita 15, kiasi cha upana wa uma wenyewe. Kwa hiyo kipimo unacho mkononi kila mlo. Mkate wa kawaida haumo katika viwango hivyo mpaka mtaalamu auruhusu, na hapo ndipo mambo huharibika: mgeni analeta sandwichi, au mhudumu wa zamu mpya hajasoma mpango wa huduma.

Chukua kifafa. Connor Sparrowhawk alikuwa na miaka 18 alipozama kwenye beseni la kuogea mwaka 2013, katika kituo cha huduma ya afya cha umma Oxford. Ilijulikana kwamba ana kifafa, na aliachwa aoge bila mtu wa kumwangalia. Chukua na tumbo. Richard Handley alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 33, katika mkoa wa Suffolk, kwa matatizo yaliyotokana na kufunga choo, hali aliyokuwa nayo tangu utotoni. Alipokuwa akiishi palikuwa pamegeuzwa kutoka nyumba ya matunzo na kuwa makazi ya kujitegemea kwa msaada, na ufuatiliaji wa chakula na choo chake ukalegea.

Kisa cha Handley ndicho kinachonifanya nisikubali "ni uamuzi wake" kama jibu la kutosha. Uhuru uliongezeka kwenye karatasi huku macho yakipungua. Anayeketi muda mrefu kwenye kiti cha magurudumu, anayekunywa maji kidogo, anayetumia dawa za akili kama clozapine, tumbo lake linahitaji mtu anayeandika: lini amepata choo na cha aina gani. Chati ya Bristol inayotumika ina aina 7. Ya 1 na ya 2 ni choo kigumu. Kuiandika hakumnyimi mtu uhuru wowote. Kifafa ni hivyo hivyo. Mtu anaweza kuchagua beseni badala ya bafu la kusimama, na msaidizi akabaki karibu muda wote, jinsi mpango wake ulivyoeleza, akizungumza naye huku faragha yake ikitunzwa kadiri inavyowezekana. Uchaguzi ni wa kwake, uangalizi ni wa kwetu. Penye hatari kubwa na mashaka juu ya uwezo wake, mhudumu asiamue peke yake kwenye zamu. Ampigie meneja, daktari aitwe, uwezo upimwe na yaandikwe.

Lakini tuwe wa kweli kuhusu kinachowasukuma wahudumu. Saa za huduma hulipiwa zaidi na halmashauri, na zinapobanwa, mhudumu mmoja mwenye watu watatu hana dakika 15 za chai. Halafu kuna viza. Kuanzia Februari 2022 hadi 22 Julai 2025 milango ilikuwa wazi kwa wahudumu kuajiriwa kutoka nje, na wengi walikuja kwa udhamini wa mwajiri mmoja. Udhamini ukikatika, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Mwenye hofu hiyo atanyang'anya birika kabla halijachemka, maana mkono wa mteja ukiungua, yeye ndiye anayeona ndege mbele yake. Mashirika yanayolalamika kwamba wahudumu wa kigeni "hawawezeshi" yaanze kwa kuwahakikishia kwamba ajali ndogo, iliyotokea huku mpango ukifuatwa na kuandikwa, haitawagharimu kazi.

Tofauti kati ya uhuru na kutelekeza huonekana wazi zaidi kwenye daftari la zamu. Angalia maandishi haya: "Amekataa kuoga. Ni uamuzi wake." Siku tatu mfululizo, mikono mitatu tofauti, maneno yale yale. Mwandishi makini angeandika hivi: "Saa 2 asubuhi nilimwonyesha taulo na picha ya bafu, akatikisa kichwa. Saa 4 nilijaribu tena, nikampa chaguo la kunawa kwenye sinki, akakubali uso na mikono. Nilipogusa bega la kushoto alirudi nyuma. Jana hakula upande wa kushoto wa mdomo." Anayepokea zamu hapo ana cha kufanyia kazi: pengine ni jino, pengine ni bega, na mtu huyu hana maneno ya kusema panauma. Anapiga simu kwa daktari kabla ya saa 6.