Usiku wa Manane, Saa Sita Mchana

Filamu yetu ya kufungia muhula ilikuwa ya kutisha, ya dakika sita, na mambo yake yote yanatokea usiku wa manane kisimani. Kamera tuliyoazimwa ilikuwa ya zamani: ukiipandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, hadi 6400 gizani, picha inajaa chenga na weusi unageuka kijivu. Jenereta ya kukodi ingemaliza hela yote, halafu ingenguruma ndani ya maikrofoni. Kwa hiyo tukakubaliana kupiga usiku mchana kweupe.

Usicheke, mbinu hii ni ya zamani na inafanya kazi. Ukiwa juani, unaweka mizani ya weupe kwenye 3200 K, ile ya balbu za ndani. Picha nzima inaingia bluu. Kisha unashusha mwanga stopu mbili chini ya kipimo, yaani unabaki robo. Jua linakaa nyuma ya mwigizaji, limpige ukingo mwembamba wa mwanga begani na kichwani, na huo ndio mbalamwezi. Anga lisiingie kwenye fremu hata kidogo, maana likiingia tu usiku umekwisha. Kwa jua la Kigamboni, ISO 100 na shata ya 1/50 ya sekunde, ilibidi tufunge kichujio cheusi cha ND64 ndipo tundu la lenzi likakaa f/5.6. Bila hicho unabana tundu la lenzi hadi f/22, picha bado ni mchana, na kila vumbi lililoganda kwenye sensa linajitokeza kama doa.

Saa nzuri ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tatu, jua likiwa bado chini. Marehemu wetu alikwama kivukoni akafika saa tano. Jua limeshapanda utosini, vivuli vimeingia chini ya miguu ya wenyewe. Mpiga picha akapandisha kamera juu ya stuli na kuielekeza chini, aone ardhi, kisima na marehemu tu, chini ya mwembe wa mama mwenye nyumba.

Damu tuliipika wenyewe. Sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, unachemsha hadi iwe shira, ikipoa unatia rangi nyekundu ya chakula kijiko kimoja cha chai. Wengi huongeza kakao nusu kijiko ili isionekane sharubati. Sisi tuliiacha, kwa sababu ndani ya ile bluu nyekundu huzama ikawa nyeusi: kwenye jaribio la kwanza, lenye kakao, marehemu alionekana kama aliyemwagikiwa debe la oili chafu gereji. Kwa hiyo damu ya usiku wa mchana ipikwe nyekundu ya kuchekesha, na uipime kwenye kamera, usiiamini kwa macho.

Shida ya shira ni kwamba ni shira. Sisimizi walikuja kwanza. Marehemu alivumilia, maana maiti hapumui: anavuta pumzi nusu, anaibana, ndipo unasema eksheni, na shoti isizidi sekunde kumi. Walipofuata nyuki wawili, alifumbua jicho moja akauliza kwa upole kama kufa kwake kunaweza kuahirishwa. Kisha akaja kuku wa mama na vifaranga vyake, akaanza kudonoa damu karibu na sikio. Tukamfukuza. Akarudi. Kuku yeye alijua ni mchana.

Shoti kubwa ilikuwa ya ndoo. Inatakiwa isogee yenyewe taratibu kuelekea kwa maiti, na maiti macho wazi. Nilifunga mshipi wa nailoni kwenye mpini wa ndoo, nikaupitisha nyuma ya mwembe hadi mkononi mwangu. Mshipi ukipigwa na jua kwa nyuma unameremeta, kwa hiyo unaupaka masizi ya sufuria, hasa ile mita ya mwanzo inayoonekana. Teki ya kwanza ndoo iliruka, kwa sababu ilikuwa tupu. Tukaitia maji robo, ikatulia. Nikauweka mshipi chini, nikaenda kuangalia picha kwenye kioo cha kamera. Marehemu aliambiwa asijitikise, damu isije ikahama mahali pake.

Ndipo ndoo ikaanza kutembea.

Marehemu akaitazama ndoo. Akanitazama mimi, mikono mitupu, pembeni ya stuli. Akaitazama tena ndoo, sasa imeongeza mwendo, inakwaruza chini na kumwagika. Hakupiga hata kelele. Aliinuka mzimamzima akatoka getini na damu yake yote, sisimizi wakiwemo. Nyuma ya mwembe, kuku alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, mshipi umemzunguka mguu.

Nje adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza. Vijana wa bodaboda kijiweni walimwona mtu mwekundu kutoka kichwani hadi kiunoni, wakamdaka wampeleke zahanati. Alipojitetea kwamba yeye ni marehemu, wakaona hali yake ni mbaya zaidi. Mmoja akasisitiza waanzie polisi wakachukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, maana bila hiyo hatapokelewa. Mtu wa sauti alikimbia kuwaeleza, mkononi ameshika maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa fagio, na huo mpini wakauchukua kuwa ndio silaha. Ilibidi amlambe marehemu bega mbele ya umati, ajulishe ni sukari.

Kamera ilikuwa haijazimwa. Ndoo ile ilitembea vizuri kuliko nilivyowahi kuivuta, na hofu ya marehemu haifundishiki. Sauti tulitupa yote, tukaweka ya nyenje iliyorekodiwa saa nane usiku, na mifupa kuvunjika tukaipata kwa muhogo mbichi uliofungwa kitambaa chenye maji. Ila vifaranga wawili walibaki pembeni mwa fremu, na kuwakata ni kuikata ndoo.

Mama mwenye nyumba tulimwonyesha kwa heshima, tukitegemea atashtuka. Alitazama hadi mwisho, akanigeukia.

"Mwanangu, hapa ni saa ngapi?"

"Saa nane usiku, mama."

"Saa nane usiku, na kuku wangu wako nje? Mtaa mzima waseme siwafungii?"

Ndiyo maana mwishoni, chini ya majina ya waigizaji, imeandikwa: Kuku wote walioonekana humu hufungiwa saa kumi na mbili jioni.