Jina Hubaki Baada ya Miguu Kuacha Kwenda

Katika vijiwe vya Moshi kuna kauli isiyokosa msemaji: Wazungu walituletea dini, kisha wao wenyewe wakaiacha. Husemwa kwa kicheko, mara nyingi na mtu aliyetoka ibadani muda si mrefu, na ndani ya kicheko hicho mna majivuno, kwa kuwa kwetu anayechelewa ibada ya kwanza hukaa nje chini ya turubai. Vijana kadhaa, hasa waliosoma, huichukua kauli hiyohiyo kuwa bishara: Ulaya imetangulia, nasi tutafuata, na wanaolalamika ni wazee waliozoea kusikilizwa. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Anayesikitika kuona sauti ya Kanisa ikififia katika jamii si lazima awe analilia madaraka, na hoja yake haijasikilizwa vya kutosha, hata na waumini wenzake.

Tuanze na takwimu inayotajwa mno. Katika sensa ya England na Wales, waliojiandika kuwa Wakristo walikuwa asilimia 71.7 mwaka 2001, asilimia 59.3 mwaka 2011, na asilimia 46.2 mwaka 2021. Waliosema hawana dini walifikia asilimia 37.2. Wengi huisoma kana kwamba makanisa yalikuwa yamejaa, kisha yakamwagika ndani ya miaka ishirini. Lakini swali la sensa, ambalo halikuwa la lazima kujibiwa, lilihusu dini ya mtu. Halikuuliza alisali lini. Mwaka 2001 viti vilikwisha kuwa vitupu siku nyingi, na bado watu saba katika kumi walijiita Wakristo, kama mtu anavyotaja ukoo wake ingawa hajakanyaga kihamba, shamba la ukoo, cha babu tangu utotoni. Vifo vya wazee vina sehemu yake katika anguko hilo, lakini kilichoporomoka hasa ni jina, na jina ndilo la mwisho kuondoka. Ninaing'ang'ania takwimu hii kwa sababu inatugusa sisi wenye maturubai: kama jina laweza kudumu kizazi kizima baada ya miguu kuacha kwenda, basi wingi wa majina hautuambii mengi kuhusu kinachoendelea chini yake.

Mlutheri wa Kilimanjaro hana haja ya kuelekezwa ulipo mji wa Leipzig, Ujerumani, kwani wamisionari wa mji huo walianza kazi mlimani mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden aliyefika mwaka 1902 na kutumikia Old Moshi kwa miaka mingi, aliandika sana juu ya ukoo, ujirani na rika la Wachagga, akiamini kwamba miji na viwanda vya kwao vilikuwa vikizikata nyuzi za namna hiyo. Leo huko Saxony, jimbo alikotoka, wakazi wengi si wa kanisa lolote, na miaka arobaini ya utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki ilichangia sana. Hata hivyo ni Leipzig hiyohiyo ambako sala za amani za kila Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, zilizoanza mwaka 1982, ziliwakutanisha watu waliochoshwa na serikali, hata tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 wakaandamana mjini bila risasi kufyatuliwa. Wengi wao hawakuwa waumini. Ukuta wa Berlin ulianguka mwezi uliofuata, na viti havikujaa. Mtu anaweza kusema kwamba hapo Kanisa lilitumika kama ukumbi tu. Sawa, lakini ukumbi huo ulikuwa wazi kwa sababu kikundi kidogo kilikuwa kimesali humo Jumatatu baada ya Jumatatu kwa miaka saba, katika nchi ambayo chama, kiwanda na chuo vyote vilikuwa mikononi mwa dola. Asiyeamini alifaidi uvumilivu wa anayeamini.

Upande wa pili una haki yake, tena si ndogo. Huku mlimani ushawishi wa Kanisa ulikuja na fimbo yake. Binti aliyezaa kabla ya ndoa alitengwa, kisha akasimama mbele ya usharika mzima ili arudi kundini, huku mwanamume mhusika mara nyingi akiendelea kuimba kwaya kana kwamba mtoto alishuka na mvua. Shule nazo: kabla ya serikali kuzitwaa nyingi za misheni kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969, mtoto wa Kiislamu alikuwa na njia nyembamba ya kufika darasani. Sioni sababu ya kutamani turudi huko. Swali langu linahusu yale ambayo Kanisa linayaachia na hakuna wa kuyapokea.

Chukua mnada wa baada ya ibada. Mama analeta trei la mayai, mwingine mkungu wa ndizi. Mkandarasi anapandisha bei hadi mara tatu ya ile ya soko la Mbuyuni, analipa, kisha anasema mayai yarudi mezani yanadiwe upya. Kwa hesabu ya biashara ni upuuzi. Lakini katika nusu saa hiyo mkandarasi amejua jina la yule mama, amesikia kwamba migomba yake imelazwa na upepo, na kijana anayetafuta fundi wa kumfundisha kazi amempata. Vikoba na makundi ya WhatsApp hufanya sehemu ya kazi hiyo, ila kikoba humchagua anayeweza kurejesha mkopo, na katika kundi la simu mtu huondolewa kwa kidole. Kanisa nalo lilitenga, nimekwisha kukiri. Lakini lilikuwa na utaratibu wa kumrudisha aliyetengwa.

Siku hizi vijana wengi huondoka mara baada ya baraka, na walio mbali hushiriki mnada kwa simu, jambo jema, maana bila fedha zao mapaa mengi yasingeezekwa. Jumapili moja nilishuhudia trei la mayai likinunuliwa hivyo na mtu aliye Dar es Salaam. Fedha iliingia palepale, tukapiga makofi. Mnadishaji akauliza ni nani atakayempokelea mayai yake. Akauliza tena. Mwishowe mama aliyeyaleta akayafunika kwa kitenge, akarudi nayo nyumbani.