Datsun 1200: kabla hujang'oa A12

Datsun 1200, lile gari dogo la zamani la Kijapani, ikiingia gereji kufufuliwa, ushauri wa kwanza huwa uleule: toa hiyo injini yake ya asili, A12, weka ya EFI, yaani inayopuliza petroli kwa umeme badala ya kabureta. Anayekataa huonekana ama ana mapenzi ya vitu vya kale, ama hana hela. Hoja yake haisikilizwi, ingawa ni ya kifundi kabisa.

Wanaotaka kubadilisha wana sababu. Injini za mtumba kutoka Japani zimejaa mijini, spea zake ziko kila duka, na asubuhi inawaka bila choki wala kusugua pointi (vile vikontakti vya umeme wa plagi) kwa msasa. Anayekwenda Nairobi–Mombasa mara kwa mara, foleni ya malori mbele yake, anataka nguvu ya kupita. A12 ina cc 1171 na farasi 68, tena kwa kile kipimo cha zamani cha SAE, kilichopima injini nje ya gari bila mizigo yake, namba ikatoka kubwa. Hapo haina la kujibu.

Ila bei ya injini ni kianzio tu. Nyingi ya hizo za mtumba zilikaa kwa upande katika magari ya kuvuta mbele, na Datsun inasukuma nyuma. Utatafuta gia boksi inayokaa kwa urefu, utachomelea mounti, utakata propela shafti na kuibalansi upya. Pampu ya kabureta hutoa presha ya psi 3 au 4. EFI inataka karibu 40, maana yake pampu nyingine, mipira ya presha na paipu ya kurudisha petroli. Tangi la zamani halikutengenezwa kwa pampu ya aina hiyo: petroli ikiwa chini na ukikata kona, pampu inavuta hewa na injini inakata. Panahitajika kitangi kidogo cha akiba kabla ya pampu kubwa, na mara nyingi kinakumbukwa pampu ya kwanza ikishaungua.

Kisha breki, ambazo kwenye mabishano haya hutajwa mwisho kama zinatajwa kabisa. Matoleo mengi ya kawaida yana ngoma magurudumu yote manne, zilizopimwa kwa gari la kilo 700 hivi na injini ile ndogo. Nishati ambayo breki inapaswa kuigeuza joto hupanda kwa mraba wa mwendo. Toka 80 nenda 120: mwendo umeongezeka kwa nusu, joto limefika mara mbili na robo. Ngoma ikipata moto inapanuka na kuzikimbia brek shu, pedali inashuka, unakanyaga tena, inashuka zaidi. Mteremko mrefu kama Kitonga hausamehi hilo. Injini mpya haijagusa hata bolti moja ya breki. Imekupa tu sababu ya kufika kwenye kona kwa kasi ambayo ngoma haziiwezi. Anayebadilisha injini bila kuweka diski mbele na masta silinda inayolingana nazo, kwa maoni yangu hajaboresha gari.

Na bodi? Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja huoza sakafuni, chini ya kioo cha mbele, na pale springi za majani zinaposhikwa nyuma. Kutu hukatwa mpaka ufike chuma cheupe, kisha unachomelea bati jipya la milimita 0.8 hadi 1 kwa vipande vifupifupi lisijikunje. Puti juu ya kutu itavimba mvua za kwanza. Bajeti ya injini ya pili mara nyingi ndiyo iliyopaswa kulipa kazi hii.

A12 yenyewe inalaumiwa kupita kiasi. Inasemekana petroli isiyo na risasi inaiua, lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu yenye siti za valvu za kupachikwa, ngumu za kutosha kuhimili bila risasi, na petroli ya risasi iliondoka huku kwetu kufikia 2006. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda na kushuka, kabla ya kununua jeti kagua ekseli ya kipepeo cha kabureta: nyunyizia ncha zake dawa ya kusafishia kabureta injini ikiwaka, na mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Nafasi ya valvu iwe milimita 0.35 injini ikiwa moto, ya pointi kati ya 0.45 na 0.55. Usiyependa pointi, chukua distribyuta ya elektroniki ya injini za baadaye za ukoo huu wa A; ila moduli ipate volti 12 kamili kutoka swichi. Ukiiunga baada ya rezista ya koili, inayopunguza volti, gari litakuwa linakata ovyo na utaanza kulaumu kabureta tena.

Kuna na karatasi. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha lazima irekebishwe kwenye mamlaka inayosajili magari, NTSA kwa Kenya, TRA kwa Tanzania. Wengi hukumbuka siku ya kuuza.

Bado unataka nguvu, na diski zimeshafungwa? A14, cc 1397, ni ya ukoo uleule na ndiyo iliyobeba pikapu ya Nissan 1400 iliyotengenezwa Afrika Kusini hadi 2008. Kabureta inabaki, tangi linabaki, umeme haukatwi. Bloku yake ni ndefu kidogo kwenda juu, kwa hiyo kabla ya kukaza mounti weka kifuniko cha filta ya hewa, shusha boneti taratibu uone kama inafunga, na uangalie paipu ya ekzosi inafika wapi.