Pikipiki isiyo na taa wala namba: ni kiwanda au ni sheria?

Anayeiona Honda CRF450R, pikipiki ya mashindano ya motokrosi, dukani Marekani kwa mara ya kwanza hushangaa: pikipiki ya bei ile, mbona haina taa, indiketa, honi wala mahali pa kufungia namba? Wengi hudhani kiwanda kimebana gharama, kwamba ukipeleka kwa fundi wa umeme mambo yamekwisha. Taa ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Kazi ipo kwenye injini, na hapo kiwanda kina hoja nzito. Kitabu cha pikipiki hiyo kinaagiza pistoni ibadilishwe kila baada ya mashindano 6, au saa 15 hivi za kuendesha. Saa, si kilomita. Mtu anayekwenda nayo kazini nusu saa na kurudi nusu saa, mwezi hauishi injini imeshafunguliwa. Honda walipotaka kuiingiza injini ya ukoo huo barabarani, kwa mwaka wa modeli 2019 walileta CRF450L. Wakapunguza mgandamizo, wakaongeza gia ya sita, wakafunga egzosi ya kimya yenye kisafisha moshi. Ikafika kilo 131, karibu 20 zaidi ya ndugu yake wa mashindano. Baadhi ya waliokuwa wakiililia miaka yote wakageuka kulalamika kwamba ni nzito na imebanwa pumzi.

Lakini sheria nayo ina mkono wake. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, huisamehe vipimo vya moshi pikipiki inayouzwa kwa mashindano tu, ikiwa na angalau sifa 4 kati ya 6 zilizotajwa. Baadhi ni hizi: haina taa, haina kizuia cheche kwenye egzosi, haina waranti ya kiwanda, na shokapu zake zinacheza zaidi ya inchi 10. Yaani kukosa taa na waranti kunahesabiwa kuwa sifa! Kiwanda kifunge taa ili iweje?

Wanaotetea ukali huu wana sababu. Egzosi ya mashindano ikipita mtaani alfajiri, mtaa mzima umeamka. Moshi nao ni hoja: California haitoi usajili wa barabara kwa pikipiki ambayo moshi wake haukuidhinishwa kwa barabara tangu kiwandani, hata ukiipamba kwa taa kama gari la harusi.

Hoja hiyo naikubali kwa pikipiki za motokrosi, zinazozunguka uwanja mmoja na kurudi kwenye gari. Kwa zile za enduro, yaani za safari ndefu za msituni, naona inalegea, kwa sababu mwendeshaji akitoka njia moja ya msituni kwenda nyingine hana budi kukanyaga lami. Umoja wa Ulaya umelitambua hilo kwa kuzitengea enduro kundi lao: kiti kiwe angalau sentimeta 90 kutoka chini, uzito usizidi kilo 140, na pasiwe na kiti cha abiria. Matokeo yake KTM 300 EXC, yenye injini ya kuchanganya petroli na oili, inasajiliwa Ulaya na kupewa namba. Marekani ndugu yake, 300 XC-W, inauzwa kwa matumizi ya nje ya barabara tu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia haiwezekani kiufundi, muulize huko Ulaya imewezekanaje.

Nao Wazungu wa Ulaya wasijisifu sana. Pikipiki hizo hupitishwa zikiwa zimebanwa nguvu, na ni jambo linalojulikana kwamba wanunuzi wengi huondoa kibano hicho kabla hata tairi hazijachafuka, zikawa si zile zilizopimwa. Hata hivyo nachagua njia yao. Anayeondoa kibano akikamatwa, kosa ni lake na lina jina. Lakini yule wa California anayetaka kuvuka kwa 300 XC-W kilomita 2 za lami kati ya misitu hana njia halali hata akikubali kubanwa.