Hakuna Aliyemuuliza Anapikia Nini

Mwaka jana mafua yaliingia nyumbani kwetu yakatupitia wote. Mimi nilikohoa siku tatu nikarudi kazini, lakini shangazi, tuliyekuwa tukila naye sinia moja, siku ya tano alikuwa akihema kwa mabega, midomo imefanya kijivu, na hospitalini tukaambiwa kuwa ni nimonia. Jirani aliyekuja kumjulia hali alisema kwamba ni baridi ya asubuhi imemwingia kifuani. Kauli hiyo ndiyo inayotupotosha, kwa sababu tunaulaumu upepo wa juma lile ilhali kifua kilikuwa kimeanza kuharibika miaka mingi kabla kirusi hakijabisha hodi.

Shangazi amekaanga vitumbua kwa kuni tangu ujana wake, katika jiko la bati lenye kidirisha kimoja. Ndani ya njia ya hewa mna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma makohozi kwenda juu pamoja na vumbi na vimelea vilivyonaswa humo. Moshi, uwe wa kuni au wa sigara, huvilemaza, makohozi yakatuama, na bakteria waliokuwa wakikaa kooni bila madhara wakapata upenyo wa kushuka mapafuni. Hata katika janga la mafua la mwaka 1918, wengi waliofariki walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma ya kirusi.

Moshi, bila shaka, hauko peke yake. Umri huichelewesha kinga, kisukari kisichodhibitiwa huidhoofisha, na kifua kikuu, hata kikipona, huweza kuacha makovu mapafuni. Wapo pia watu wanaoonekana wazima kabisa: mwaka 2020 watafiti waligundua kwamba baadhi ya waliozidiwa na UVIKO-19 walikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe, yaani protini ambazo mwili huzitumia kupiga mbiu ya kwanza kirusi kinapoingia. Mtu wa namna hiyo utamlaumu kwa lipi?

Linaloniudhi ni dodoso la siku ile ya kulazwa. Shangazi aliulizwa kama anavuta sigara, akajibu kwa kuchukia kidogo, "Sijawahi, mwanangu," na kalamu ikaruka mstari wa pili. Hakuna aliyemuuliza anapikia nini. Wala hakuna aliyetueleza habari za chanjo ya mafua, ingawa Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa wazee, wajawazito na wenye maradhi sugu. Kwetu sisi chanjo ni jambo la kliniki ya watoto, na mtu mzima anayeiulizia hutazamwa kama aliyepotea njia.

Shangazi amerudi kwenye vitumbua vyake. Jiko tumelihamishia kwenye banda lisilo na kuta, naye hulalamika kila asubuhi kwamba upepo unamlia kuni.