Gari Zima Halinywi Maji

Madereva wengi hutembea na dumu la maji kwenye buti, na ukiwauliza watakwambia gari lao "linakunywa maji kidogo". Kauli hii inanikera. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Gari likiwa zima, yaani halina hitilafu, kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) kwenye chupa ya akiba hukaa kati ya zile alama mbili kwa miezi. Ikipungua kila wiki, kuna mahali inapopotelea.

Anza kutazama chini. Dar es Salaam na Mombasa AC inadondosha maji mengi, kwa hiyo mtu akikuta pamelowa hashtuki. Chovya kidole. Maji ya AC hayana rangi wala harufu. Kulanti huwa na rangi, kama kijani, nyekundu au waridi, inateleza vidoleni na inanukia utamutamu. Ifute haraka, ni sumu kwa watoto na mbwa.

Chini kukiwa pakavu na kulanti bado inapungua, mimi ndipo naogopa zaidi. Huenda inaingia ndani ya injini. Dalili zake: moshi mweupe wa ekzosi haukatiki hata injini ikishapata moto, au oili kwenye dipstiki imekuwa kama chai ya maziwa. Hapo shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, na dumu lako halitasaidia.

Dashibodi nayo isikupumbaze. Vitz na Passo nyingi hazina geji ya joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Penye geji, mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla katikati ya mlima Kitonga, usishangilie: yawezekana maji yameisha na sensa inapima mvuke. Weka pembeni, zima, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa.

Lawama nyingine ni ya mafundi wanaong'oa themostati, vali inayozuia kulanti kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kila gari likichemsha. Injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe, iwe ni pampu, feni au rejeta iliyoziba kwa kutu, unabaki palepale. Kutu hiyo mara nyingi imeletwa na maji ya bomba. Kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, lakini kwetu faida kubwa zaidi ni dawa yake ya kuzuia kutu.

Kwa hiyo fundi akishika spana ya kung'oa themostati, mwambie kwanza apime mfumo kwa presha, akuonyeshe panapovuja.