Jaladani Hatuweki Mtoto

Kijana anayetuchapia jarida pale Mwanjelwa, Mbeya, ana heshima na kazi yake anaijua, ndiyo maana nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amefungua jalada la toleo letu la sita kwenye kompyuta: mwanamke ameinamia beseni la bluu anaosha viazi, uso hauonekani vizuri, ukungu wa Julai umetanda uwanjani nyuma yake. Akalitazama, akajikuna shingo.

"Dada, samahani. Hili si jarida la kina mama wanaotafuta watoto? Weka kichanga hapo. Picha ninazo, nzuri tu. Litatoka hilo."

"Kichanga hatuweki."

"Kwa nini sasa?"

"Ndio utaratibu wetu."

Akacheka, akaniuliza ni utaratibu gani huo wa kuwakimbia watoto. Nyuma yangu kulikuwa na bwana mmoja wa kadi za harusi anayesubiri zamu yake, anapiga miayo kwa makusudi, nikalipa nusu ya pesa nikaondoka. Nimekaa na swali lile wiki tatu. Mwenyewe nina mtoto, na watoto sina ugomvi nao.

Jarida lenyewe ni dogo, la wanawake wenye PCOS, hali ya homoni inayovuruga hedhi na kufanya mayai yasipevuke. Nakala 300, kurasa 24, kila miezi mitatu Mungu akijalia na pesa ikitimia. Kila nakala ni karatasi tano za A4 na moja ngumu ya jalada, zinakunjwa katikati na kubanwa pini mbili, kwa hiyo ndani zinaingia rimu tatu kamili ukiacha zinazoharibika. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Makala ikizidi aya mbili tu, ama uikate ama uongeze kurasa nne ambazo huna pesa yake, na mimi nimejifunza kukata bila huruma. Tuko wanne, wote tuna PCOS. Linakwenda Tukuyu, Kyela, Tunduma, Makambako, Njombe, Iringa, kokote ambako basi linafika na konda anakubali kubeba bahasha ya kaki isiyoandikwa kitu zaidi ya namba ya simu. Bahasha haiandikwi kitu kwa sababu wasomaji wametuomba hivyo.

Huku kwetu ugonjwa huu una majina mengi na yote yanaelekea nyumba moja. Bibi ataita chango. Jirani atasema kizazi kichafu. Aliyesoma kidogo atasema homoni zimevurugika, na aliyepigwa ultrasaundi atasema ana vivimbe kwenye mayai. Vile si vivimbe. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani, vikakaa vimejipanga pembezoni mwa ovari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wenye hali hii ni asilimia 10 hadi 13 ya wote walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Ingia daladala lolote la Mwanjelwa lililojaa, uhesabu.

Na tangu mwanzo ulipimwa kwa kizazi. Madaktari Irving Stein na Michael Leventhal walipouandika kule Chicago mwaka 1935, walikuwa na wanawake saba, wakawakata vipande vya ovari, na wakaripoti kwa furaha kwamba hedhi zimerudi. Miaka tisini imepita na bado ukiingia kwenye chumba cha daktari swali la kwanza ni: umeolewa?

Mimi niliulizwa hivyo hivyo, Iringa, nina miaka 24. Nikasema bado. Daktari akaandika kitu, akafunga faili, akaniambia kwa upole kabisa, "Olewa, zaa mapema, mengine yatakaa sawa." Nikaolewa. Nikazaa binti, sasa yuko darasa la tatu na ananizidi kwa maneno. Mengine hayakukaa sawa. Binti akiwa na miaka minne shingo yangu ilianza kuwa nyeusi, hasa nyuma, weusi wa masizi yaliyogoma kutoka. Mama mkwe, ambaye ananipenda na simlaumu, alinikalisha kwenye kigoda Jumamosi moja akanisugua kwa dodoki na limao mpaka pakachubuka. Nilikaa kimya nasuguliwa nikiwa na miaka 34, nadhani kweli siogi vizuri. Ilikuwa insulini, homoni inayosimamia sukari mwilini. Mwili unaitoa, hauisikilizi, unatoa zaidi, na ile ya ziada inaziamsha ovari zitengeneze homoni za kiume nyingi kupita kiasi na kuacha alama kwenye ngozi. Nilipokunywa ile glukosi ya gramu 75 na kusubiri saa mbili kwenye benchi, sukari ilikuwa imeshapanda, bado kidogo tu iitwe kisukari.

Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema mwenye PCOS apimwe sukari pale anapogundulika, na baada ya hapo kila mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa miaka kumi hakuna aliyenipima. Nilikuwa nimeshazaa, kesi imefungwa.

Hapo ndipo utaratibu wetu ulipotoka, hata kabla sijajua kuueleza.

Kuna saluni moja Kabwe ambako jarida letu linaning'inia kwa kamba kwenye msumari, pembeni ya dryaa. Kona ya nakala ile imegeuka rangi ya zambarau kwa dawa ya nywele. Msusi wa pale ni mama wa makamo, mikono yake ina nguvu za ajabu, na ndevu za wateja anazitoa kwa uzi anaoushika kwa meno. "Hawa nawajua mimi kabla hospitali haijawajua," aliniambia. "Wanakuja saa mbili asubuhi kabla ya watu. Au saa mbili usiku." Ndiye aliyetufundisha watu wanataka kusoma nini. Wanauliza kama ukinyoa zinaongezeka. Haziongezeki, wembe haufiki kwenye mzizi, na tulipoandika sentensi hiyo moja tulipata simu nyingi kuliko toleo lote lililotangulia. Wanauliza kwa nini nywele za utosini zinakimbia na za kidevuni zinakuja. Mama mmoja wa Tukuyu, miaka 52, watoto watano na wajukuu, alikaa pale anasubiri kusukwa yebo, akasoma ukurasa mzima, akamwambia msusi, "Ndaga fijo (asante sana). Kumbe zina jina." Hakuna mtu aliyewahi kumpima, kwa sababu alikuwa anazaa.

Na upande wa pili yuko mwanafunzi wa chuo hapa mjini aliyekaa miezi saba bila kuona siku zake na alikuwa anafurahi, pesa ya pedi ananunulia chipsi. Alikwenda zahanati mara moja, akaambiwa arudi akitaka kubeba mimba. Ukuta wa kizazi usipomwagika unaendelea kujijenga, na ukiachwa hivyo miaka na miaka hatari ya saratani inapanda. Si kitu cha kumnyima mtu usingizi, ila miezi mitatu ikipita bila hedhi unatakiwa umwone mtaalamu, na kuna vidonge vya bei nafuu vya kuufanya ukuta ule umwagike. Binti yule hakuambiwa chochote kwa kuwa hakuwa anatafuta mtoto, kwa hiyo hakuonekana kama mgonjwa. Mama wa Tukuyu hakuonekana kwa sababu watoto alikuwa nao. Kipimo ni kilekile.

Sasa fikiria jalada lina kichanga. Binti wa chuo atalishika mbele ya watu saluni? Wataanza kumhesabia miezi. Mama wa miaka 52 atalipita, atadhani ni la wenzake vijana. Jalada ni la wale wasiofungua ndani: konda, mama mkwe, mume, daktari aliyelikuta mezani kwa nesi. Mtoto akikaa pale, kila mmoja wao anaondoka na jibu alilokuja nalo.

Hapa niseme la pesa, maana kanuni zote ni rahisi mpaka pesa iingie. Mwezi wa nne alikuja mama mmoja, mtanashati, anauza unga wa kurekebisha homoni. Alitaka ukurasa wa nyuma wa jalada, toleo moja, laki sita. Kuchapa toleo zima kwetu hakufiki hapo, na bado kuna leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na nauli za bahasha. Pesa alikuja nayo, akaiweka mezani karibu na kikombe changu cha chai. Tangazo alikuwa ameshalitengeneza. Kichanga kimelala kwenye ua la waridi, na maneno: safisha kizazi, zibua mirija, yeyusha uvimbe, ushike ujauzito ndani ya siku 60.

Mirija! PCOS haina habari na mirija. Tatizo ni yai halipevuki likatoka, na unga wa kuzibua mirija kwa mtu huyu ni sawa na kuzibua bomba la jirani wakati kwako tenki halina maji. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Dada yangu, wateja wako wanataka mtoto. Mimi nauza tumaini, wewe unauza karatasi." Nilitoka nje nikasimama karibu na banda la kuku nikawapigia wenzangu watatu. Wawili walikataa palepale. Wa tatu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema tukatae, ila toleo lijalo nisimwombe mchango. Tulichapa nakala 180.

Ningependa kuishia hapo nikionekana shujaa, lakini kuna simu ya Makambako.

Toleo la nne lilikuwa na kurasa mbili ndani za mwanamke wa Mbozi aliyejifungua baada ya kupewa letrozoli, dawa ya kupevusha yai. Liliisha siku tisa. Halijawahi kutokea, na hakuna toleo lililokaribia tena. Lilipotoka la tano, lenye ukurasa wa ndevu na wa shingo nyeusi na mapishi ya usipa na maharage, akanipigia msomaji. Hakunisalimia sana.

"Nyie mmeshazaa, ndio maana mnaona mtoto si habari. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye ndoa. Naambiwa najaza choo tu. Ile habari ya mama wa Mbozi nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo, halafu mnaniletea kunyoa ndevu?"

Nikasema pole dada. Akasema, "Pole ya nini? Weka nyingine."

Hakukosea. Nilikuwa nimelipigania jalada mpaka nikawa naona kutaka mtoto ni kama ushamba, nami binti yangu amelala chumba cha pili. Tuligombana wote wanne, kwa sauti, jikoni kwangu, ugali ukapoa. Tulichokubaliana ndicho tunachofanya mpaka leo: kila toleo lina ukurasa wa wanaotafuta, na tunausimamia kwa makini kuliko kurasa nyingine zote. Humo tunasema kwamba wengi wenye hali hii huzaa, baadhi bila dawa yoyote. Tunasema letrozoli ndiyo dawa inayopendekezwa kuanza nayo kwa yai lisilopevuka, na inatolewa na daktari anayefuatilia, hainunuliwi kwa mtu wa Facebook. Tunasema mume naye apimwe mbegu, sentensi ambayo imetuletea matusi kutoka kwa waume wawili na ahsante moja. Na tunaandika pia za waliojaribu hawakupata na wanaishi, kwa sababu wapo, na hakuna mahali pengine wanapoandikwa.

Yule wa Makambako alisoma, akapiga tena. Alisema afadhali. Hakusema vizuri, alisema afadhali. Hununua nakala mbili, moja sijui anampa nani.

Jalada halijabadilika. La sita lilitoka na beseni na viazi, na kijana wa Mwanjelwa aliponikabidhi maboksi alisema rangi ya bluu imetoka vizuri kuliko alivyotegemea. Ukurasa wa nyuma tumempa fundi cherehani wa Soweto, hapa hapa Mbeya, anayeshona magauni yenye mifuko mikubwa. Amelipa elfu arobaini, elfu kumi bado anadaiwa.